Meneja wa Masasisho wa Linux Mint kwenye kompyuta ya nyumbani: tathmini baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa matumizi

Kompyuta ninayoizungumzia ni Dell OptiPlex 7010 ya mezani, mtumba wa ofisini wenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 240. Imekaa sebuleni kwetu Kihonda, Morogoro, na hutumiwa na watu wanne wenye mahitaji yasiyofanana: mke wangu, ambaye ni mwalimu, huandalia mitihani na kujumlisha alama za wanafunzi, kijana wetu wa kidato cha tatu huitumia kujisomea, mdogo wake hutazama katuni, nami huandika. Intaneti yake hutoka kwenye simu kwa hotspoti, na hiyo maana yake ni bando, nalo bando halikosi mwisho. Nilipoweka Linux Mint 22 mwishoni mwa mwaka 2024, sikuwa nikitafuta mfumo endeshi wenye sura nzuri. Nilitafuta mfumo ambao ningeweza kuupangia mwenyewe usasishwe lini, kwa bando lipi, na ukiharibika nirudi nyuma kwa njia gani. Kwa hiyo tathmini hii inahusu programu moja tu ya mfumo huo, Meneja wa Masasisho, ambayo kwa jina la kiufundi huitwa mintUpdate, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nibaki.

Sababu ya kuhama haikuwa chuki dhidi ya Windows. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft ilikwisha kutangaza mapema kwamba ingesitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana, na mashine yangu haina kimoja wala kingine. Ni kweli kwamba baadaye kampuni hiyo ilifungua mlango wa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa watu wa nyumbani wanaojiandikisha. Lakini mimi nilikwisha kupiga hesabu zangu: mashine bado ina nguvu, inawaka kwa sekunde chache, na kuitupa au kuiacha bila masasisho kungekuwa hasara iliyokosa sababu.

Nasema "kuiacha bila masasisho" kwa makusudi, kwa kuwa hivyo ndivyo kompyuta nyingi za majumbani zinavyoishi. Ukipeleka kompyuta kwa fundi ikapigwa Windows upya, mara nyingi fundi huzima masasisho kabla hajakurudishia, na hukwambia kama anayekutendea hisani kwamba amekuokolea bando. Kwa upande wa bando hajakosea. Kwa upande wa usalama, kisa cha WannaCry kinatosha kumjibu. Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu husika tarehe 14 Machi 2017, na shambulio lenyewe likaja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, likafunga mafaili ya watu na kudai fidia katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwamo. Dawa ilikuwapo muda wote huo. Waliougua ni wale ambao kompyuta zao hazikuinywa, au zilikuwa za zamani mno kiasi kwamba hazikuandaliwa dozi mpaka moto ulipokwisha kuwaka.

Hata hivyo, anayekimbilia kila sasisho siku linapotoka naye hana kinga ya kila kitu. Mwezi Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10 ambalo kwenye baadhi ya kompyuta lilifuta nyaraka za watumiaji, ikalazimika kulisimamisha ndani ya siku chache. Ndiyo maana mimi sioni maana ya mabishano ya kusasisha au kutosasisha. Swali lenye faida kwa mtu wa nyumbani ni kama programu inayosimamia masasisho inampa nafasi ya kuamua kwa akili, na kama inampa njia ya kurudi endapo ameamua vibaya. Kwa kipimo hicho ndicho nilichoipima hii.

Meneja wa Masasisho hukaa kwenye kona ya chini ya skrini kama aikoni ya ngao. Kukiwa na kitu kipya ngao hupata alama, na ukiibofya hufunguka dirisha lenye orodha. Kila mstari una jina la pakeji (furushi la mafaili ya programu), toleo jipya na aina ya sasisho: la kawaida la programu, la usalama, au la keneli, yaani ule moyo wa mfumo unaozungumza na vifaa vya kompyuta. Ukichagua mstari mmoja, chini yake unasoma maelezo ya pakeji hiyo na orodha ya mabadiliko, ambayo kwa kweli mara nyingi imeandikwa kwa lugha ya watengenezaji na haimsaidii sana mtu wa kawaida. Kinachomsaidia ni mstari mmoja mdogo ulio chini kabisa ya dirisha, unaosema umechagua masasisho mangapi na jumla yake ni MB ngapi.

Huo mstari mdogo ndio ninaoupenda kuliko kila kitu kingine katika programu hii. Mtu anayelipia intaneti kwa mwezi bila kikomo hawezi kuelewa furaha yake. Mimi hufungua dirisha, naona MB 410, naangalia salio la bando kwenye simu, kisha naanza kuondoa alama za tiki moja moja huku jumla ikishuka mbele ya macho yangu, mpaka nibaki na masasisho ya usalama peke yake, ambayo pengine ni MB 60. Hayo nayachukua usiku uleule. Yaliyosalia husubiri mwisho wa wiki, nikiwa na bando la usiku au nikiwa nimenunua kubwa zaidi. Hakuna kitu kinachopakuliwa kwa siri kabla sijabofya kitufe cha kusakinisha. Kinachokwenda bila kuulizwa ni ukaguzi wa orodha, yaani kuuliza seva kama kuna kitu kipya, nao unaweza kuupangia uwe kila baada ya siku kadhaa badala ya kila siku. Mimi nimeuweka kila baada ya siku tatu.

Jambo jingine nililoligundua kwa bahati ni tabia yake pale bando linapokatika katikati ya upakuaji. Mfumo wa apt, ambao ndio unaofanya kazi chini ya dirisha hili, huhifadhi pakeji zilizokwisha kushuka, na hata ile iliyofika nusu huendelezwa kutoka ilipoishia badala ya kuanza upya. Zaidi ya hapo, haianzi kusakinisha chochote mpaka pakeji zote ulizochagua ziwe zimefika. Kwa hiyo bando likiisha, mfumo unabaki kama ulivyokuwa. Unaongeza salio na kuendelea. Sijui kama waliobuni utaratibu huu walimfikiria mtu anayejaza vocha saa nne usiku, lakini wametufaa sana.

Sasa niseme kinachokula bando, kwa kuwa hapa programu haina huruma. Tofauti na mifumo inayopakua mabadiliko tu, apt hupakua pakeji nzima kila mara, hata kama kilichobadilika ndani yake ni kidogo. Firefox hutoa toleo kubwa jipya karibu kila wiki 4, na kila moja ni makumi kadhaa ya MB. Keneli mpya pamoja na viambatanisho vyake hupita MB 100 kwa urahisi. Mzigo mzito kuliko yote ni pakeji iitwayo linux-firmware, inayobeba programu ndogondogo za kuendeshea vifaa vya kila namna, ambayo katika toleo hili hupita MB 300 peke yake, ingawa vifaa vingi vinavyohudumiwa na pakeji hiyo havimo kabisa katika kompyuta yangu. Linapotokea sasisho lake, mimi huliangalia kama ni la usalama. Kama silo, linangoja zamu.

Halafu kuna Flatpak. Hizi ni programu zinazokuja zikiwa zimefungashwa pamoja na karibu kila kitu zinachohitaji, na tangu toleo la 21.1 Meneja wa Masasisho huzionesha pamoja na masasisho mengine. Uamuzi huo ni mzuri kwa utaratibu, kwani kila kitu kinaonekana mahali pamoja. Kwa bando ni habari nyingine. Programu moja niliyoisakinisha kwa njia hiyo ilikuja na misingi yake ya mamia ya MB, na misingi hiyo nayo husasishwa kwa ratiba yake yenyewe. Ushauri wangu kwa mwenye bando dogo ni kwamba, pale programu inapopatikana kwa njia zote mbili, achague pakeji ya kawaida ya mfumo, hata kama ni toleo la nyuma kidogo. Sharti hilo la kuchagua mwanzoni lina uzito kuliko mipangilio yote utakayoifanya baadaye.

Inafaa kueleza kwamba falsafa ya programu hii haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwa miaka mingi Mint ilikuwa ikiyapanga masasisho katika madaraja ya 1 hadi 5, la kwanza likiwa salama kabisa na la tano likiwa la hatari, na masasisho ya madaraja ya juu, keneli zikiwamo, yakiachwa pembeni isipokuwa mtumiaji ameamua vinginevyo. Nia ilikuwa kumlinda mtu wa kawaida asiharibikiwe na kompyuta. Wakosoaji wakauliza, na kwa haki, inakuwaje sasisho linaloziba tundu la usalama lifichwe kwa sababu linaweza kuleta usumbufu. Mwaka 2018, toleo la 19 lilipotoka, mkazo ukabadilika: chukua masasisho yote, lakini kwanza uwe na picha ya mfumo unayoweza kuirudia. Mimi naona mabadiliko hayo yalikuwa sahihi, kwa sababu yalihamisha ulinzi kutoka kwenye kukisia hatari na kuupeleka kwenye uwezo wa kurudi nyuma.

Picha hiyo ya mfumo huchukuliwa na programu jirani iitwayo Timeshift, ambayo Mint huja nayo, na kama hujaipanga, Meneja wa Masasisho hukukumbusha kwa onyo juu ya dirisha lake. Picha ya kwanza huchukua nafasi kubwa, karibu sawa na mfumo wenyewe. Zinazofuata huhifadhi mafaili yaliyobadilika tu. Kwenye diski yangu ya GB 240 nimeamuru zihifadhiwe picha mbili za kila wiki, na kabla ya sasisho la keneli huongeza moja kwa mkono. Msomaji aelewe mpaka wa jambo hili: kwa kawaida Timeshift haigusi nyaraka zako za nyumbani, hivyo kurudisha mfumo wa juzi hakufuti barua uliyoandika jana, lakini pia haikuhifadhii hiyo barua. Na kwa kuwa picha zenyewe ziko kwenye diski ileile, diski ikifa zinakufa nayo. Alama za wanafunzi wa mke wangu zina nakala yake kwenye flashi, na hiyo flashi haikai sebuleni.

Nilipata sababu ya kushukuru mpangilio huu miezi michache baada ya kuanza. OptiPlex yangu haina Wi-Fi ya ndani, kwa hiyo nilinunua kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, cha bei nafuu, ambacho jina lake silitaji kwa kuwa hata kwenye boksi lilikuwa halisomeki vizuri. Dereva yake, yaani programu inayokiendesha, haikuwamo ndani ya keneli. Ilibidi ijengwe pembeni, na dereva za namna hiyo hutakiwa kujengwa upya kila keneli inapobadilika. Siku moja nikasasisha keneli, nikawasha upya kompyuta, na Wi-Fi ikawa haipo. Kijana akaniita: "Baba, intaneti imekufa, na kesho nina kazi ya kuwasilisha." Zamani jioni hiyo ingeishia kwa fundi.

Mint haifuti keneli ya zamani mara tu mpya inapoingia, kwa maana hiyo usia wa kutoacha mbachao kwa msala upitao umeshazingatiwa na watengenezaji. Niliwasha upya kompyuta, nikafungua menyu ya kuwashia, nikaingia sehemu ya chaguo za ziada na kuchagua keneli ya awali, na Wi-Fi ikarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Shughuli nzima haikufika dakika tano. Baadaye, kwa utulivu, niliunganisha simu kwa waya wa USB, njia ambayo haihitaji dereva ya pembeni, nikapakua toleo jipya la dereva na kulijenga kwa keneli mpya. Ndani ya Meneja wa Masasisho kuna pia dirisha la keneli, ambamo unaona zilizosakinishwa, ipi inatumika sasa na hadi lini inahudumiwa, na unaweza kuondoa zile ambazo huzihitaji. Mimi huacha mbili. Kuacha moja ni kujitafutia balaa, na kuacha saba ni kupoteza diski.

Kisa cha pili kilikuwa cha umeme. Nilikuwa katikati ya kusakinisha, upakuaji umekwisha na mstari wa maendeleo umefika zaidi ya nusu, umeme ukakatika, na wakati huo sikuwa na UPS, kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura. Ulipotoka upakuaji na kuingia usakinishaji, ule ulinzi nilioueleza hapo juu hausaidii tena, kwani mafaili yanabadilishwa kweli. Kompyuta iliwaka, lakini Meneja wa Masasisho ulikataa kuendelea ukieleza kwamba kuna kazi iliyoachwa njiani. Ilinibidi nifungue terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika amri ya sudo dpkg --configure -a, ikamalizia pakeji zilizobaki, na mambo yakakaa sawa. Kwangu mimi amri moja si kitu. Kwa mke wangu, ambaye ana akili kunizidi lakini hana sababu ya kujua terminali, hapo ndipo programu ingemwacha njiani. Nilinunua UPS ndogo ya mtumba, na tangu hapo tuna kanuni ya nyumba: hakuna kusasisha mvua ikinyesha.

Kwa kuwa kompyuta ni ya familia, suala la nani anaruhusiwa kusasisha lina uzito wake. Kila mmoja wetu ana akaunti yake, na mimi pekee ndiye msimamizi. Watoto hawawezi kusakinisha wala kusasisha bila nywila yangu, jambo ambalo lilileta manung'uniko mwanzoni na sasa limezoeleka. Ubaya wake niliuona niliposafiri kikazi majuma matano: niliporudi, masasisho yalikuwa yamerundikana. Tangu toleo la 20.2 Meneja wa Masasisho huonesha ukumbusho pale sasisho la usalama au la keneli linapokaa siku 7 za matumizi au siku 15 za kalenda bila kuguswa, lakini ukumbusho hauna maana kwa mtu asiye na nywila. Hilo ni kosa la mpangilio wangu, wala siilaumu programu. Sasa mke wangu naye ni msimamizi, na tumekubaliana kwamba yeye huchukua ya usalama na kuniachia keneli.

Kabla sijasahau, kuna mpangilio wa vyanzo vya programu ambao wengi hawaufungui kabisa. Mint huchota pakeji zake kutoka kwenye seva zake na nyingi zaidi kutoka kwenye seva za Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, kwa kuwa Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na kila kundi lina seva nakala zilizotawanyika duniani. Dirisha la vyanzo hupima kasi ya kila seva na kukupa orodha, iliyo na kasi zaidi ikiwa juu. Jipimie kwa wakati ambao kwa kawaida unasasisha, kwani niliyoichagua mchana haikuwa yenye kasi usiku. Na baada ya kuibadilisha, fahamu kwamba orodha zote za pakeji zitapakuliwa upya, nazo ni makumi ya MB, kwa hiyo si jambo la kuchezea kila wiki.

Wapo wanaouliza kama inafaa kuamini masasisho yanayotoka kwa kundi dogo la watengenezaji badala ya kampuni kubwa. Swali ni halali, na historia ina jambo la kusema. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilivamiwa, na kwa muda mfupi watu waliopakua toleo la 17.3 lenye eneokazi la Cinnamon walielekezwa kwenye faili lililochezewa, lenye mlango wa siri ndani yake. Waliohatarishwa ni wale waliopakua mfumo mpya siku hiyo. Waliokuwa wanasasisha mfumo uliokwisha kusakinishwa hawakuguswa, kwa sababu masasisho hupita njia nyingine na hutiwa saini ya kidijitali inayokaguliwa na kompyuta yako kabla ya kukubaliwa. Watengenezaji walitangaza jambo hilo wenyewe mara moja. Fundisho nililolibeba ni kukagua namba ya uthibitisho ya faili la mfumo kabla ya kuliandika kwenye flashi. Fundi anayezunguka na flashi moja aliyopewa na mwenzake miaka mitatu iliyopita hafanyi hivyo, na hapo ndipo hatari ya kweli ilipo kwetu.

Matoleo madogo nayo yamenipendeza. Nilianza na 22, nikapanda 22.1 lilipotoka Januari 2025, kisha 22.2 mwezi Septemba mwaka huohuo, na mara zote kupanda kulikuwa kipengele kimoja tu kwenye menyu ya Hariri ya Meneja wa Masasisho. Hakuna anayekulazimisha: ukibaki kwenye 22 unaendelea kupata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029 sawa na wengine. Kuhama kutoka mfululizo mmoja mkubwa kwenda mwingine, mathalani 21 kwenda 22, ni kazi nzito zaidi yenye programu yake maalumu, inachukua bando kubwa, na ningemshauri mtu aifanye akiwa na picha ya Timeshift, nakala ya nyaraka na siku nzima ya kupumzika.

Haki kwa Windows nayo isemwe. Kwenye Windows 11 mtu wa nyumbani anaweza kusimamisha masasisho hadi majuma matano, anaweza kutaja saa zake za kazi ili kompyuta isijizime na kuwaka upya katikati ya shughuli, na anaweza kuutambulisha mtandao wake kuwa ni wa kulipia kwa kipimo ili upakuaji mwingi uahirishwe. Hivyo vyote ni vyema, na ningetamani Mint iwe na swichi ya wazi kama hiyo ya mwisho ndani ya dirisha lake. Tofauti ninayoiona ni ya mtazamo: huko mtumiaji huomba muda, huku mtumiaji ndiye anayetoa ruhusa. Yupo mtu ambaye huo wa kwanza unamfaa zaidi, hasa yule ambaye asipolazimishwa hatasasisha milele, na kama unategemea programu ya uhasibu inayofanya kazi kwenye Windows tu, sehemu kubwa ya tathmini hii haikuhusu.

Mama mkwe wangu ni mtu wa aina hiyo. Anaishi Dodoma, ana laputopu ya zamani ambayo hutumia kusomea habari na kuongea na wajukuu kwa video, na hataki kuona ngao wala orodha. Kwake nilifungua sehemu ya mipangilio inayoruhusu masasisho kujisakinisha yenyewe na keneli za zamani kuondolewa, nikapanga Timeshift ichukue picha kila wiki, nikaacha Flatpak nje kabisa, kisha nikaificha aikoni. Kule kuna intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa kwa MB, kwa hiyo sikuwa na hofu ya bando. Nilimwachia agizo moja tu: akiona kompyuta ina maandishi meusi na meupe badala ya picha ya maua, asibofye kitu, anipigie. Hajanipigia kwa hilo hadi leo. Hupiga kuulizia kwa nini sauti ya wajukuu inakatika, na hilo ni la upande wetu.

Kwa Meneja wa Masasisho natoa alama 8 kati ya 10. Moja nimeikata kwa sababu ya pakeji nzima zinazopakuliwa hata kwa mabadiliko madogo, na nyingine kwa yale yanayompata mtumiaji usakinishaji unapokatika njiani, ambapo kitufe kimoja cha kurekebisha, palepale kwenye dirisha, kingemtosha.